Kabla Hujachagua Kiatu: Historia ya Miguu ya Bibi Zetu

Shaaban ndiyo hii, na kama ilivyo ada yetu visiwani, harusi zinafuatana kabla Ramadhani haijaingia. Wiki iliyopita tulikusanyika kutazama vitu vya binamu yangu anayeolewa. Kwenye sanduku mlikuwa na jozi nne za viatu: vya dhahabu vya siku ya kupambwa, vya fedha vya kuingilia ukumbini, vyeupe vya nikaha, na vyekundu vya fungate, vyote vya mchuchumio. Bibi akavigeuza kimoja kimoja, akasema, "Mashaallah, vizuri mwanangu. Na cha kuendea sokoni kiko wapi?"

Tukacheka. Bibi hakucheka. Akatwambia kwamba bibi yake yeye, mtu wa shamba, alikuwa mtu mzima ndipo alipovaa kiatu kwa mara ya kwanza, na siku hiyo aliitaja mpaka anakufa. Maneno hayo hayakunitoka. Nimeona leo tuizungumze historia hii, kwa sababu tunaponunua kiatu huwa tunauliza rangi na bei tu, na kumbe miguu yetu ina mambo marefu.

Mbao na ngozi

Tuanze na mitawanda, ambayo wengi wenu mmeiona kwa wazee au kwenye makumbusho. Ni kiatu cha mti mtupu, kimechongwa kufuata unyayo, na mbele kina kijiti kilichosimama kiitwacho msuruaki. Unakibana kijiti hicho kati ya kidole gumba na kidole cha pili, basi umeshavaa. Hakina ukanda wala kamba. Kilikuwa kiatu cha nyumbani, hasa cha kwenda chooni na penye birika la udhu, maana mti hauharibiki upesi kwa maji na unauinua mguu juu ya sakafu yenye unyevu.

Kwa wenye nacho, mitawanda ilitiwa nakshi, na mingine ikavishwa fedha kwa ajili ya bibi harusi. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Beit al-Mtoni mwaka 1844, ameyaeleza maisha ya majumba ya baba yake katika kumbukumbu alizozichapisha Ujerumani mwaka 1886, na viatu vya mbao vimo katika maelezo yake. Anayetembea na mitawanda husikika kabla hajaonekana. Na hawezi kwenda mbali wala kukimbia. Ni kiatu cha mwanamke ambaye maji anatekewa na sokoni anatumiwa mtu.

Cha kutokea nje kilikuwa cha ngozi: makubadhi, yenye ukanda mpana uliodariziwa na soli bapa. Mafundi wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, walisifika pwani nzima kwa kazi ya ngozi, na viatu vyao vilikuwa miongoni mwa walivyojulikana navyo. Makubadhi yanakwenda mjini, yanakwenda msikitini, na mlangoni yanavuliwa kwa kutikisa mguu tu.

Waliokatazwa

Sasa dada, chukua picha yoyote ya zamani ya Unguja, ya karne ya 19, yenye bibi wa nyumba na watumishi wake. Ukimaliza kutazama dhahabu na barakoa, shusha macho miguuni. Mara nyingi utaona kwamba bibi ana viatu, na wanaomsimamia wako miguu chini.

Hilo halikuwa suala la umasikini peke yake. Katika Zanzibar ya wakati ule mavazi yalikuwa daraja. Mtumwa alivaa kipande cha merikani au kaniki, kichwa wazi, na kuvaa kiatu hakukuwa haki yake. Ulikuwa ukimwona mtu njiani unajua ni nani kwa kutazama nyayo zake. Wanawake waliochuma karafuu, waliobeba mawe na maji, waliolea watoto wa watu katika nyumba za mawe, wote walitembea juu ya ardhi yenye jua na miba pasipo kitu mguuni.

Na tuseme kweli, maana tunaandika kwa ajili ya Mwenyezi Mungu: katazo hilo halikutoka katika dini yetu. Mtume (s.a.w.) aliwausia wenye watu chini ya mikono yao wawalishe wanachokula wao na wawavike wanachovaa wao. Watu waliosali safu ya mbele walilijua hilo, na bado wakawaacha wenzao peku. Ni vizuri tulijue, hata kama waliofanya hivyo ni wazee wetu. Wengi wetu visiwani tuna damu ya pande zote mbili.

Baada ya 1897

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea majumbani na mashambani. Mwaka 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri ya kuufuta. Hata hivyo uhuru haukuja mlangoni kwa mtu: ilimbidi mwenyewe aende mahakamani akaudai. Na masuria waliachwa nje ya amri ile, mpaka mwaka 1909. Kwa hiyo wanawake walikuwa miongoni mwa wa mwisho kuachiwa.

Walipoachiwa, walifanya nini na senti zao za mwanzo? Walinunua nguo. Kaniki ikawekwa kando, wakajifunga kanga za rangi. Wakafunika vichwa vyao. Baadaye kidogo, mwanzoni mwa karne ya 20, baibui jeusi likaenea mjini, likavaliwa na wa kila asili, na haikuwa rahisi tena kumtambua nani alikuwa nani. Na wakavaa viatu. Leo mtu anaweza kuona ni mapambo, lakini kwa mwanamke aliyekatazwa tangu kuzaliwa, jozi ya champali ilikuwa hati ya uhuru anayotembea nayo.

Katikati ya karne hiyo mpira na plastiki vikaleta kandambili, na bei ikashuka mpaka kiatu kikawa cha kila mtu. Ndiyo maana sisi tumesahau.

Viatu vya Bilal

Mnaijua hadithi ya Bilal (r.a.), aliyekuwa mtumwa kisha akawa mwadhini wa Mtume (s.a.w.). Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume alimuuliza ni amali gani anayoitarajia zaidi, kwani alisikia sauti ya viatu vyake Peponi. Bilal akajibu kwamba kila anapotawadha, usiku au mchana, husali alichojaaliwa.

Mimi nilikuwa naisikia hadithi hii kwa fadhila ya udhu. Tangu siku ya Bibi, nasikia na viatu. Nasi kila siku tunavivua mlangoni pa msikiti, tajiri na masikini, tukabaki sawa. Lakini anayevua kwa hiari yake akitoka anavikuta. Bibi zetu wengine hawakuwa na cha kuvua.

Basi ununue kipi?

Bibi harusi, vaa dhahabu yako siku yako, ni halali yako na tutakupigia vigelegele. Ila kabla hujamaliza pesa za Darajani na Mchangani, weka za jozi moja ya kila siku. Chagua ya ngozi, bapa au yenye kisigino kifupi, yenye soli isiyoteleza kwenye mawe ya mjini siku ya mvua. Rangi ya kahawia au nyeusi itakwenda na baibui, na dera, na nguo ya kazini. Nenda kujaribu jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo kwa kutembea mchana kutwa. Vaa miguu yote miwili, uzunguke duka. Usikubali kuambiwa kitatanuka. Na kiwe chepesi kuvua na kuvaa, kwa sababu utasali mara tano, na utaingia nyumba za watu wengi katika mwezi wako wa mwanzo.

Kama unapenda shanga, tafuta yenye shanga. Kama wewe ni mtu wa raba, vaa raba. Muhimu kikupeleke unakotaka kwenda na kikurudishe bila malengelenge.

Binamu yangu alirudi dukani. Alibadilisha vile vyekundu akachukua makubadhi ya kahawia, ukanda mpana, soli bapa. Bibi akamwambia avae mbele yake, aanze na mguu wa kulia, atembee mpaka mlangoni na kurudi. Alimtazama miguu tu, hakusema kitu. Kisha akaomba na yeye anunuliwe kama vile.

Mwenyezi Mungu awajaalie mabibi harusi wetu wote ndoa za kheri, na awarehemu bibi zetu waliotutangulia. Amin.