Akina Mama wa Detroit na Maduka ya Barabara ya Hastings

Mwaka 1910 jiji la Detroit, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, lilikuwa na wakazi Weusi 5,741. Mwaka 1930 walikuwa 120,066. Walitoka majimbo ya kusini, ambako kilimo cha pamba kiliwafunga kwenye madeni yasiyokwisha na sheria za ubaguzi ziliwanyima kura. Kilichowavuta kaskazini ni viwanda vya magari, hasa baada ya Henry Ford kutangaza, Januari 1914, ujira wa dola 5 kwa siku. Kazi ilipatikana, ingawa mara nyingi ilikuwa ile ya joto na moshi kwenye tanuri za chuma. Nyumba ndizo zilizokuwa ngumu kupata. Wenye majengo na madalali waliwafungia sehemu kubwa ya jiji, wakabaki wakibanana upande wa mashariki, katika mitaa ya Black Bottom na Paradise Valley, iliyopitiwa na Barabara ya Hastings.

Kubanwa huko kulizaa soko. Mtu aliyekataliwa hoteli, kinyozi, daktari na hata mzishi katikati ya jiji alilazimika kuwapata mtaani kwake, na waliokuwa na mtaji kidogo waliliona hitaji hilo. Zikafunguliwa saluni, migahawa, maduka ya vyakula na ya dawa, kumbi za muziki, nyumba za wageni na kampuni za mazishi. Pamoja na hayo, maduka mengi ya mtaa yaliendelea kuwa mikononi mwa Wazungu, na mengi kati yake yalipokea fedha za wateja Weusi bila kuwapa watoto wa wateja hao kazi ya kuuza kwenye kaunta. Mdororo wa uchumi ulipoanza mwishoni mwa 1929 na viwanda vikaanza kupunguza watu, jambo hilo likawa halivumiliki tena.

Wazo la kununua kwa mwenzako halikuzaliwa Detroit. Booker T. Washington alikuwa ameanzisha Umoja wa Kitaifa wa Wafanyabiashara Weusi mjini Boston mwaka 1900, na kwa miaka 30 wahubiri, magazeti na wanasiasa walilirudia wazo hilo bila kuchoka. Matokeo yalikuwa madogo kuliko hotuba. Wazo lilikuwa sahihi, lakini liliwaendea zaidi wanaume wenye biashara, ilhali mwenye kushika fedha za unga, sabuni na viatu vya watoto alikuwa mama wa nyumba.

Bi. Fannie B. Peck alikuwa mke wa Mchungaji William H. Peck wa Kanisa la Bethel, la dhehebu la African Methodist Episcopal. Alimsikiliza Albon Holsey, katibu wa umoja ule wa wafanyabiashara, akieleza jinsi akina mama wa Harlem, New York, walivyounganisha nguvu za matumizi yao. Tarehe 10 Juni 1930 Bi. Peck aliwakutanisha wanawake 50, na hapo kikazaliwa Chama cha Akina Mama wa Nyumbani cha Detroit. Kufikia mwaka 1935 wanachama wake walikuwa wameongezeka hadi 10,000. Mumewe kwa upande wake aliwakusanya wafanyabiashara katika chama kilichopewa jina la Booker T. Washington, na vyama hivyo viwili vikafanya kazi bega kwa bega.

Masharti ya kujiunga yalikuwa mepesi, na hapo ndipo palipokuwa na nguvu ya chama. Mwanamke aliahidi kununua kwenye maduka ya Weusi, kuchagua bidhaa zilizotengenezwa na Weusi, na kuwaendea madaktari, wanasheria na mafundi Weusi. Hakuhitaji elimu wala cheo. Mke wa mfanyakazi wa kiwandani aliketi na mke wa daktari, kwa kuwa wote walikwenda sokoni. Jiji liligawanywa kwa maeneo, kila eneo likawa na kundi lake, na habari za duka fulani zikapita mlango kwa mlango.

Wanachama hawakuwa wateja wa kuhurumia. Walimtembelea mwenye duka, wakamshauri aweke bidhaa fulani rafuni, wakadai usafi, bei ya haki na lugha nzuri kwa mteja. Waliandaa maonyesho ya bidhaa na kuwafundisha wenzao kulinganisha ubora na bei. Mwenye duka mvivu hakuweza kujificha nyuma ya rangi ya ngozi yake. Jijini Chicago, mwaka huohuo wa 1930, gazeti la Chicago Whip liliongoza wakazi kususia maduka ya Woolworth hadi yalipokubali kuajiri Weusi. Akina mama wa Detroit waliuweka uzito wao zaidi kwenye kujenga: dola iende wapi, na ikifika huko imwajiri nani. Mwaka 1933 mfano wao ulizaa chama cha kitaifa.

Biashara zilizokua katika miaka hiyo zilikuwa halisi na zenye majina. Mfamasia Sidney Barthwell alifungua duka lake la kwanza la dawa mwaka 1933, kisha akaongeza mengine hadi yakawa mlolongo mzima, maarufu pia kwa aiskrimu yake. Charles Diggs alijenga kampuni kubwa ya mazishi. Berry Gordy, mhamiaji kutoka Georgia, aliliita duka lake la vyakula kwa jina la Booker T. Washington. Mwanawe, Berry Gordy mdogo, aliazima dola 800 kutoka mfuko wa akiba wa familia hiyo mwaka 1959, akaanzisha kampuni ya muziki iliyokuja kujulikana duniani kote kwa jina la Motown. Kwenye Hastings yenyewe, Joe Von Battle alifungua duka la santuri mwaka 1945, na pia akarekodi mahubiri ya Mchungaji C. L. Franklin na nyimbo za kwanza za binti wa mchungaji huyo, Aretha.

Mara nyingi husemwa kwamba mitaa hii ilikufa kwa sababu Weusi waliacha kununua kwa wenzao pale maduka ya katikati ya jiji yalipoanza kuwakaribisha. Hilo lilichangia, lakini maelezo hayo yanawatwisha wateja mzigo usio wao. Sheria ya Makazi ya mwaka 1949 ilitoa fedha za serikali kuu kwa ajili ya kubomoa mitaa iliyotajwa kuwa duni, na Meya Albert Cobo, aliyeingia madarakani mwaka 1950, alizitumia kuiondoa Black Bottom. Ardhi ilikaa tupu kwa miaka kabla ya kujengwa Lafayette Park, makazi ambayo wengi wa waliohamishwa hawakuweza kulipia kodi yake. Kisha barabara ya magari ya mwendo kasi, Chrysler Freeway, ikapitishwa juu ya Hastings na kufunguliwa mwaka 1964. Wafanyabiashara wengi walikuwa wapangaji. Fidia ya ardhi ilimwendea mwenye jengo, na wateja waliokusanywa kwa miaka 20 au 30 hawakuhesabiwa kuwa mali. Duka la vyakula huishi kwa majirani zake, na majirani walikuwa wametawanywa.

Baadhi ya wafanyabiashara walihamia Barabara ya 12, Joe Von Battle akiwa miongoni mwao. Machafuko ya Detroit ya Julai 1967, yaliyoua watu 43, yaliliharibu duka lake pamoja na kanda alizorekodi.

Mnamo Septemba 2022 serikali ya Marekani ilitangaza ruzuku ya dola milioni 104.6 kwa ajili ya kuiondoa sehemu ya Chrysler Freeway iitwayo I-375 na kuweka mahali pake barabara ya kawaida ya jiji. Mjadala ulioibuka ulihusu ardhi ambayo ingepatikana: iuzwe kwa atakayetoa bei kubwa, au wazao wa waliobomolewa wapewe nafasi ya kwanza ya kumiliki viwanja na kufungua biashara zao hapo.