Étienne wa Blois: Kabaila aliyekimbia Antiokia, akarudi kufia Ramla

MIONGONI mwa makabaila wa Ufaransa walioongoza Vita vya Kwanza vya Msalaba, ni wachache waliorejea nyumbani na aibu kubwa kama Étienne, mtawala wa Blois na Chartres.

Alirithi utawala huo mwaka 1089, baada ya kifo cha baba yake, Thibaut wa Tatu. Alikuwa tajiri kiasi kwamba ilisemwa ngome zake zililingana na idadi ya siku za mwaka. Mkewe, Adela, alikuwa binti wa William Mshindi, mfalme wa Uingereza.

Étienne aliondoka mwaka 1096, akimwachia Adela madaraka ya kutawala. Barua zake mbili kwa mkewe zimehifadhiwa hadi leo. Katika ya kwanza, ya Juni 1097, baada ya mji wa Nikea kutekwa, alimsifia mno Alexios, mfalme wa Konstantinopoli, hata akathubutu kumwambia Adela kwamba zawadi za baba yake hazikuwa kitu mbele ya zile za Alexios. Akaongeza kuwa wangefika Yerusalemu baada ya wiki tano, isipokuwa kama Antiokia ingewazuia.

Antiokia iliwazuia. Kuuzingira mji huo kulianza Oktoba 1097, na majira ya baridi yakaja na njaa iliyoua watu na farasi. Hata hivyo, katika barua ya pili, ya Machi 1098, Étienne alijigamba kwamba wakuu wenzake walikuwa wamemchagua kuwa kiongozi wa jeshi zima, na kwamba mali yake ilikuwa imeongezeka maradufu.

Miezi miwili baadaye, kiongozi huyo aliondoka. Juni 2, 1098, zilipozagaa habari kwamba Kerbogha, mtawala wa Mosul, anakuja na jeshi kubwa, Étienne alielekea Alexandretta kwa madai ya ugonjwa. Usiku huohuo wenzake waliingia Antiokia, na mji ukaanguka siku iliyofuata.

Kukimbia peke yake pengine kungesameheka. Akiwa njiani alikutana na Alexios, aliyekuwa akienda Antiokia na jeshi la msaada, akamweleza kuwa kila kitu kimekwisha. Alexios akageuka. Waliobaki, wakiwa sasa wamezingirwa wao ndani ya mji, walitoka Juni 28 na kumshinda Kerbogha bila msaada huo. Kisingizio cha kutomkabidhi Alexios mji wa Antiokia wakawa wamekipata. Yerusalemu ilitekwa Julai 15, 1099, wakati Étienne akiwa kwao.

Nyumbani hakupata raha. Mtawa Orderic Vitalis aliandika kuwa Adela alimsihi arudi vitani hata walipokuwa faraghani, ingawa ni vigumu kujua mtawa huyo alipataje habari za chumbani. Kilicho wazi zaidi ni shinikizo la Kanisa: Papa Paschal wa Pili alitishia kuwatenga walioweka nadhiri ya kwenda Yerusalemu wasiitimize.

Étienne akarudi mwaka 1101. Jeshi alilofuatana nalo lilisambaratishwa na Waturuki katika nchi ambayo leo ni Uturuki, yeye akanusurika, na hatimaye akafika Yerusalemu. Nadhiri ilikuwa imetimia. Alipanda meli kurejea Ufaransa, lakini upepo ukairudisha Jaffa.

Mei 1102, Mfalme Baldwin wa Yerusalemu alisikia kuwa jeshi la Misri liko karibu na Ramla. Akalidharau, akatoka na askari wachache wa farasi bila kusubiri wa miguu. Walipozidiwa, walijificha katika mnara wa mji huo. Baldwin alitoroka usiku. Étienne alibaki na kuuawa.

Adela aliendelea kutawala kwa miaka mingi kabla ya kuingia utawani huko Marcigny, alikofariki mwaka 1137. Miaka miwili kabla ya hapo, mwana wao, Stephen, alikuwa ametawazwa kuwa mfalme wa Uingereza.