Kuhara damu kunakojirudia si amiba daima

KATIKA mji wa Tunduma, mkoani Songwe, ambako malori yaendayo Zambia hupanga foleni mpakani, mtu anayehara damu hudhani mara moja kuwa ana amiba. Huenda duka la dawa, hununua vidonge na kuendelea na shughuli zake.

Huenda dhana hiyo ikawa sahihi, kwani maambukizi ya tumbo bado ni ya kawaida nchini. Hata hivyo, hali inapojirudia licha ya dawa, yapo magonjwa mengine ya kufikiriwa, yakiwamo magonjwa sugu ya kuvimba kwa utumbo.

Magonjwa hayo ni mawili makuu. La kwanza ni la vidonda vya utumbo mpana, ambalo huanzia sehemu ya haja kubwa na kupanda juu, likishambulia utando wa ndani. La pili ni ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la daktari Burrill Crohn wa New York, aliyeueleza pamoja na wenzake wawili mwaka 1932. Huu waweza kutokea popote kuanzia kinywani hadi njia ya haja kubwa, na hupenya hadi ndani ya kuta za utumbo.

Chanzo chake hakijafahamika kikamilifu. Kinachojulikana ni kwamba kinga ya mwili hushambulia utumbo wenyewe, na kwamba urithi na mazingira huchangia. Magonjwa haya hayaambukizi. Uvutaji sigara huuzidisha ugonjwa wa Crohn.

Dalili ni kuhara kwa muda mrefu, damu na ute katika choo, maumivu ya tumbo, homa, uchovu na kupungua uzito. Wengi huanza kuugua wakiwa vijana.

Ugumu upo katika kuyatambua. Ugonjwa wa Crohn hufanana sana na kifua kikuu cha utumbo, ilhali dawa za kupunguza nguvu ya kinga zinazomsaidia mgonjwa wa Crohn zaweza kukifanya kifua kikuu kisambae. Kwa sababu hiyo, choo na damu hupimwa kwanza, kisha utumbo huangaliwa kwa kamera na kipande kidogo cha nyama hupelekwa maabara. Kipimo cha kamera hakipatikani kila hospitali. Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ni miongoni mwa zinazokitoa.

Dawa hutuliza ugonjwa kwa miezi au miaka, na baadhi ya wagonjwa huhitaji upasuaji. Kuacha dawa mara tu nafuu inapopatikana huurudisha. Aidha, utumbo mpana uliovimba kwa miaka mingi huongeza hatari ya saratani.

Kwa hiyo, mwenye kuona damu katika choo, au anayehara kwa zaidi ya wiki 4, anapaswa kwenda kupimwa hospitali badala ya kurudi duka la dawa.