KIMA CHA CHINI CHA MSHAHARA: YALIYOTOKEA KWENYE MKONGE



Ndugu zangu, tangu Mei Mosi ya 2025, Rais Samia alipotangaza kule Singida kwamba kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kitatoka shilingi 370,000 hadi 500,000, na sekta binafsi nayo ikapata amri yake mpya, maswali kwangu hayaishi. Mwajiriwa ananiuliza: Sheikh, huyu bosi asiyetaka kulipa, hukumu yake ni nini? Mwenye duka naye ananiuliza: Sheikh, nikilipa hivyo itabidi nimwondoe mtu mmoja, nitakuwa nimedhulumu? Wote wawili wanataka jibu la sentensi moja. Mimi leo nitawapa historia, kwa sababu nchi hii imeshawahi kupita njia hii, na wengi wetu tumesahau. Soma mpaka mwisho, usiishie katikati ukaenda kubishana kwenye comment.

Tuanze na mashamba ya mkonge. Mbegu ililetwa na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893. Kufikia wakati wa uhuru Tanganyika ilikuwa ndiyo mzalishaji mkubwa wa mkonge duniani, na hakuna kazi iliyoajiri watu wengi kama hiyo. Ukitoka Tanga ukapita Muheza mpaka Korogwe, kulia mkonge, kushoto mkonge.

Nani alifanya kazi ile? Manamba. Waha wa Kigoma, Wangoni wa Songea, Wamakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma, watu wa Rwanda na Burundi. Wengine hawakurudi kwao tena, na wajukuu wao leo tunaswali nao safu moja. Kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya pamoja ya kuwaleta watu hawa, SILABU. Sasa hapa simama kidogo. Kwa nini matajiri wanaoshindana kuuza mkonge wawe na ofisi moja ya kutafuta wafanyakazi? Wanajua wenyewe: kila mmoja akienda kutafuta watu wake, atalazimika kutoa bei nzuri kuliko jirani yake. Wakienda pamoja, bei ya jasho la mtu wanaipanga wao.

Na malipo yalikuwa kwa kipande. Kadi yenye siku thelathini za kazi. Si siku za kalenda, ni siku za kazi iliyokamilika. Hukumaliza mafungu yako ya majani leo, siku haiandikwi. Umeumwa, haiandikwi. Kwa hiyo mtu angeweza kukaa mwezi na nusu akihangaikia mshahara wa mwezi mmoja, na katikati anaishi kwa posho. Mshahara wenyewe ulipimwa kwa mtu asiye na mke wala mtoto. Hesabu ya mkoloni ilikuwa kwamba mke yuko kijijini analima, atajilisha mwenyewe na watoto. Yaani jembe la mwanamke wa Kasulu lilikuwa linamchangia tajiri wa Tanga bila yeye kujua.

Watu wakachoka. Mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, na katibu wake mkuu akawa Rashidi Kawawa, yule yule ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri Mkuu. Mwaka 1958 shamba la Mazinde liligoma kwa wiki nyingi. Mishahara ya mkonge ikaanza kupanda hata kabla ya uhuru.

Uhuru ulipokuja, serikali iliunda bodi ya kima cha chini cha mshahara, mwenyekiti wake Mwingereza aitwaye Donald Chesworth. Bodi ilifanya kazi mwaka 1962, na kuanzia 1963 viwango vipya vikaanza. Dar es Salaam ikawa shilingi 150 kwa mwezi. Kwa wakati ule ilikuwa ongezeko kubwa, na fikra yake ilikuwa nzuri: mshahara umtosheleze mtu na familia yake, siyo kijana wa kambini.

Kilichofuata nitakieleza pande zote mbili, maana kila anayebishana huwa anashika upande mmoja tu.

Aliyekuwa kazini akabaki kazini, hali yake ilibadilika kweli. Alinunua bati. Alimleta mkewe. Utoro ulipungua, kwa sababu sasa kazi ilikuwa na thamani ya kuishikilia. Wenye mashamba nao, walipoona mkono wa mtu si wa bei ya kutupa tena, wakajifunza kupanga kazi vizuri, na kila mfanyakazi akatoa mkonge mwingi kuliko zamani. Anayesema kupandisha mshahara ni hasara tupu, aende akawaulize wazee hawa, ambao bado wapo wachache.

Lakini upande wa pili nao ni kweli. Idadi ya walioajiriwa kwa mshahara nchini ilikuwa karibu watu 400,000 mwaka 1962. Mwaka uliofuata ikawa karibu 340,000. Ndani ya mwaka mmoja, ndugu yangu, na nchi changa iliyokuwa na vijana kila siku wanaotafuta kazi. Kwenye mkonge ndiko walikopungua zaidi. Nani aliondoka? Si mkataji hodari, wala fundi wa korona. Ni mpalilia magugu, ni kibarua, ni mzee aliyekuwa hamalizi kipande, ni kijana wa Kigoma aliyekuwa bado hajapanda treni. Huyu wa mwisho hata hakufukuzwa. Hakuitwa tu. Mtu ambaye hakuitwa hana pa kulalamika, kwa sababu hata yeye hajui kwamba amekosa kitu.

Je, yote hayo yalisababishwa na mshahara? Hapana, na hapa watu wa hesabu za haraka wanakosea. Mwaka 1963 na 1964 bei ya mkonge duniani ilikuwa juu sana, mashamba yaliweza kulipa. Kuanzia 1965 bei ikaporomoka. Brazil walikuwa wanauza wao, na kamba za plastiki zikaingia sokoni. Bei ilishuka, mshahara haukushuka, na tajiri akawa na sehemu moja tu ya kupunguza: idadi ya watu. Wengine wakaacha kupanda miche mipya. Mkonge unachukua miaka kadhaa kabla hujaukata jani la kwanza, kwa hiyo asiyepanda leo, upungufu wake unaonekana baadaye sana. Kisha 1967 likaja Azimio la Arusha na mashamba mengi yakataifishwa, na hiyo ni habari nyingine.

Mwaka huo huo wa 1967 mtaalamu wa Shirika la Kazi la Kimataifa, Profesa Turner, aliandika ripoti kwa serikali: mishahara imepanda haraka, ajira zimepungua, na mkulima ameachwa nyuma. Serikali ya Mwalimu, ile ile iliyopandisha, ikaweka breki: nyongeza zisizidi asilimia 5 kwa mwaka. Azimio lenyewe lilikuwa limeshaonya kwamba watu wa mijini wanaweza kuja kuwanyonya wakulima. Mimi hilo naliheshimu. Viongozi walitazama matokeo, wakarekebisha.

Sasa sheria yetu inasemaje? Mnajua kwamba bei zilipopanda Madina, Maswahaba walimwomba Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, apange bei, akakataa, akihofia kukutana na Mola wake hali ya kuwa kuna mtu anamdai dhulma. Kwa hadithi hii wanazuoni wetu wa Kishafi'i wengi wamezuia serikali kupanga bei. Na wapo wanaoishika hadithi hiyo kusema kima cha chini ni haramu. Polepole. Ibn Taymiyya katika kitabu chake cha Hisba alifafanua: kukataa kule kulikuwa pale ambapo soko lenyewe halina dhulma. Watu wakiwa na shida na kazi fulani, mtawala ana haki ya kusimamia ujira wa mfano, yaani ule anaopata mtu wa kazi kama ile, mfanyakazi asizidishe na mwajiri asipunguze. Na akataja kwamba Abu Hanifa aliwakataza wagawaji wa mali kuungana, maana wakiungana watapandisha bei. Basi wanunuzi wakiungana ili kushusha, nao hukumu yao ni hiyo hiyo.

Soma hilo halafu ukumbuke SILABU. Pale palipokuwa na wanunuzi wa jasho waliofungana, huwezi kusema ujira ule uliwekwa na soko, kwa hiyo serikali kuingilia kulikuwa na msingi. Rai yangu ni hiyo.

Kwa hiyo ndugu mwenye duka: amri ya serikali ikishatoka, ilipe, na makubaliano yako na mtu wako yaandike kabla hajaanza, kama Nabii Musa alivyokubaliana na mzee wa Madyan kuhusu miaka kabla hajashika fimbo ya kuchungia. Kama duka kweli haliwezi kubeba watu wanne, kumpa mmoja taarifa mapema, haki zake zote mkononi, si dhulma. Dhulma ni kumbakiza kwa nusu mshahara huku anasaini karatasi ya mshahara kamili. Hilo linafanyika, na wanaolifanya wengine wako safu ya kwanza.

Na tusiwaangalie wenye maduka peke yao. Kamati za misikiti, mwalimu wa madrasa anayefundisha watoto wenu sabini mnampa nini? Muadhini je? Dada wa kazi anayeamka kabla ya adhana ya Alfajiri na kulala baada yenu wote? Hawa amri ya serikali inawataja au haiwataji, hakuna mkaguzi anayekuja kuwaulizia. Jumatatu inshaAllah nitaandika juu ya ujira wa mwalimu wa madrasa na fedha za waqfu, kwa hiyo wenye kamati leteni maswali yenu mapema.

Wallahu a'lam. Wassalaam alaykum warahmatullah.