Malipo ya wachezaji wa akiba katika NFL

Wachezaji wa akiba wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, wako katika makundi mawili yasiyolingana kabisa kipato. Viwango vyao vimewekwa na mkataba wa pamoja wa mwaka 2020 kati ya wamiliki wa timu na chama cha wachezaji, nao unadumu hadi msimu wa 2030.

Kundi la kwanza limo ndani ya kikosi rasmi cha watu 53. Hawa hulipwa mshahara kamili hata wasipokanyaga uwanja, ukihesabiwa kwa wiki 18 za msimu. Mwaka 2024 kima cha chini kwa anayeanza ligi kilikuwa dola 795,000, takriban dola 44,000 kwa wiki. Wanaofaidi zaidi ni makwotabeki wa akiba, yaani waongozaji wa mashambulizi: mmoja wao, Chase Daniel, alianza mechi 5 tu katika maisha yake yote ya NFL, lakini aliondoka na zaidi ya dola milioni 40.

Kundi la pili ni kikosi cha mazoezi, kwa kawaida watu 16. Kazi yao ni kuigiza mbinu za mpinzani ajaye ili wenzao wazizoee. Siku ya mechi hukaa pembeni bila jezi. Mwaka 2024 chipukizi alilipwa angalau dola 12,500 kwa wiki, na mkongwe kati ya dola 16,800 na 21,300. Chipukizi aliyedumu msimu mzima alipata dola 225,000, chini ya theluthi ya kima cha chini cha kikosi rasmi. Kudumu kwenyewe ni bahati, maana anaweza kuachwa wakati wowote na malipo yakakoma.

Njia ya kuongeza kipato ni kupandishwa. Timu huruhusiwa kupandisha wachezaji wawili kwa kila mechi, na wiki hiyo hulipwa kwa kiwango cha kikosi rasmi, kisha hurudi walikotoka. Mchezaji anaweza kupandishwa hivyo mara tatu tu katika msimu wa kawaida. Timu ikimhitaji tena, lazima imsajili kwenye kikosi rasmi. Timu nyingine nayo inaweza kumchukua, mradi imweke kwenye kikosi chake rasmi na kumlipa wiki tatu, imchezeshe au isimchezeshe. Kanuni hiyo ndiyo kinga yake kubwa.

Wapo waliopanda kutoka huko hadi kileleni. Arian Foster alianza msimu wa 2009 katika kikosi cha mazoezi cha Houston Texans. Msimu uliofuata aliongoza ligi nzima kwa yadi 1,616 za kukimbia na mpira.