Fremu Ndiyo Springi

Mwaka wa 1956, huko Glendale, California, fundi aitwaye Art Ingels alikata mabomba ya chuma, akayachomelea yakawa fremu, akafunga magurudumu manne madogo na injini ya mashine ya kukata nyasi, kisha akaketi juu na kuondoka. Alikuwa ameajiriwa na Kurtis Kraft, kampuni iliyounda magari ya mbio za Indianapolis, kwa hivyo kuchomelea hakukuwa kitu kigeni kwake. Rafiki yake Lou Borelli alimsaidia upande wa injini. Kigari chenyewe hakikuwa na bodi, hakikuwa na springi, hakikuwa na difu. Waliokiona wakataka chao. Miaka michache baadaye viwanda vilikuwa vinaviunda kwa wingi, na dunia ikavipa jina: gokati.

Ukimsimulia mtu wa Machakos hadithi hii, atakusikiliza kwa adabu halafu atauliza: sasa hapo mpya ni nini? Watoto wa huku kwetu wamekuwa wakiunda vigari vyao tangu gereji zianze kutupa beringi kuukuu. Mbao mbili, beringi nne, kamba ya katani badala ya usukani, breki ni kisigino. Injini ni mteremko, na vilima vya Iveti na Mua vina mteremko wa kutosha. Tena tuna Kyamwilu, ile sehemu ya barabara ambapo gari likiachwa bila gia huonekana likipanda mlima lenyewe. Wenye sayansi wanasema ni umbo la vilima linadanganya macho. Wageni bado wanakuja kumwaga maji pale barabarani wayaone yakipanda.

Ingels na mtoto wa Mua walifanya kitu kimoja: walichukua mabaki ya kazi nyingine wakayapa magurudumu. Lakini Ingels ana jina na ana mwaka. Mtoto wa Mua hana hata kimoja. Na nikisoma historia ya mbio za magari Kenya, naona shimo hilo hilo likirudi kila mahali: dereva ameandikwa, gari limeandikwa, aliyelishika spana hayuko.

Kuona ukubwa wa shimo hilo, ebu tuingie kwanza chini ya gokati.

Gari la kawaida likikata kona, gurudumu la nje husafiri mbali kuliko la ndani. Difu ndiyo inayoruhusu kila moja lizunguke kwa mwendo wake. Gokati haina. Ekseli yake ya nyuma ni chuma kimoja kilichonyooka, na magurudumu yote mawili yanazunguka pamoja, yapende yasipende. Ukiingia kona, la ndani linalazimishwa kuzunguka kuliko linavyohitaji. Linaburuta, na gokati inang'ang'ania kwenda mbele moja kwa moja. Dawa ni moja tu: gurudumu la nyuma la upande wa ndani liinuke kidogo kutoka ardhini mpaka kona iishe.

Nani ataliinua, na hakuna springi? Fremu. Magurudumu ya mbele yamefungwa kwa mshazari fulani, hivi kwamba ukizungusha usukani, la ndani linasukumwa chini na la nje linapanda. Fremu inajipinda, na nyuma, upande wa ndani, gurudumu linanyanyuka. Ukinyoosha usukani, chuma kinarudi kilivyokuwa na gurudumu linashuka. Yale mabomba yanayoonekana kama kiunzi tu, kumbe ndiyo springi yenyewe. Yakiwa magumu mno, gokati inarukaruka kwenye kona. Yakiwa malegevu mno, inazembea.

Kwa hivyo sehemu kubwa ya mbio huamuliwa kabla ya mbio. Ukipanua nafasi kati ya magurudumu ya mbele, pua inashika kona kwa haraka zaidi. Ukipandisha kiti, uzito wa dereva unaegemea zaidi upande wa nje, na taya za nje zinauma lami. Kiti chenyewe ni sehemu ya fremu, manake kimefungwa kwa vyuma vinavyoikaza, na ukiongeza chuma kimoja cha kushikilia kiti, umebadilisha tabia ya gari zima. Nati ikikazwa au ikilegezwa kidogo, fremu inajibu. Presha ya taya inapimwa asubuhi na inapimwa tena jua likichoma lami. Hakuna jibu moja la siku zote. Fundi hubadilisha kitu kimoja, anamtuma dereva, anamsikiliza akirudi, anaandika au anaweka kichwani, anabadilisha kingine.

Huku kwetu kuna jambo lingine. Mji wa Machakos uko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na taabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kabureta iliyopangwa Mombasa itamwaga petroli nyingi mno ikifika juu huku, na gari litakohoa moshi mweusi. Fundi anabadilisha jeti kuwa ndogo. Lakini nguvu iliyopotea haitarudi kwa jeti, na ukishapunguza mwendo kwenye kona, injini dhaifu itachukua muda mrefu kuurudisha. Ndiyo maana mahali kama hapa fremu ina thamani kuliko injini.

Sasa turudi nyuma, kabla gokati haijazaliwa. Mwishoni mwa Mei 1953, serikali ya kikoloni ikiwa katikati ya hali ya hatari, wazungu wa Afrika Mashariki waliandaa mashindano ya magari kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Wakayaita Coronation Safari. Mwaka wa 1960 yakawa East African Safari, na mwaka wa 1974 yakawa Safari Rally. Kwa miaka mingi yalifanyika Pasaka, na njia zake zilipita Ukambani. Watu walisimama kando ya barabara za vumbi kuanzia alfajiri, wengine wakiwa na chakula chao.

Safari haikuwa mbio za kasi tu. Ilikuwa mtihani wa chuma. Mwaka wa 1963 magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza. Mwaka wa 1968 wakamaliza 7 tena. Miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, kwa Peugeot 404. Kitabu kinaishia hapo. Lakini 404 haikuishia hapo. Pikapu yake ikawa matatu, ikabeba watu na kuku na magunia ya maembe kwenye barabara zile zile, na haikuwa na timu ya kiwanda ikiifuata na vipuri. Ilikuwa na fundi wa Machakos, wa Tala, wa Kangundo, anayeongeza jani la springi, anayechomelea ufa wa fremu usiku ili gari litoke saa kumi alfajiri. Alijua chuma kinapasuka wapi kabla hakijapasuka. Mtihani wa Safari ulikuwa wa siku chache kila Pasaka, wake ulikuwa wa mwaka mzima.

Kuna fundi mmoja aliyepenya. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alikuwa makanika kabla ya kuwa dereva. Mwaka wa 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Akashinda tena mwaka wa 1974 na 1976, kwa Mitsubishi. Watu wakamwita Simba wa Kenya. Nadhani tunamkumbuka kwa sababu alihama kutoka chini ya gari hadi nyuma ya usukani. Angebaki chini, tusingemjua. Waafrika walichelewa zaidi kufika kwenye orodha ya juu: Patrick Njiru alimaliza wa nne mwaka wa 1994, zaidi ya miaka 40 tangu safari ya kwanza. Si kwamba hawakuwepo. Walikuwa wanasukuma, wanafungua taya, wanachomelea.

Kenya imejaribu pia kuunda gari zima. Mwaka wa 1986 Rais Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la nyumbani, na mwaka wa 1990 magari ya majaribio ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa Kasarani. Pesa zikakosekana, mradi ukafa. Mwaka wa 2009 ikaanzishwa Mobius, kampuni iliyotaka gari rahisi la barabara mbovu, likiwa na fremu ya mabomba ya chuma, wazo lile lile la gokati lililokuzwa. Mwaka wa 2024 ikatangaza kufunga, kabla ya mnunuzi kujitokeza. Miradi yote miwili ilianzia juu: rais, chuo, wawekezaji. Gokati ilianzia kwa fundi mmoja na mabomba yake. Ayrton Senna, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mara tatu, gari lake la kwanza lilikuwa gokati aliyoundiwa na babake Brazil kwa injini ya mashine ya kukata nyasi.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Darasani tulikuwa tumeshapiga hesabu za msokoto wa bomba la chuma, tukapata majibu sahihi, tukafunga daftari. Msokoto wenyewe nilikuja kuuona gerejini, pale fundi alipoweka mguu kwenye kona moja ya fremu na kuniambia niangalie kona ya pili. Hakuwa na jina la kitaalamu la kile alichokuwa akinionyesha. Alikuwa nacho tu mguuni.

Leo gokati ziko karibu nasi. Nairobi kuna GP Karting, kando ya barabara ya Lang'ata. Upande wa Athi River kuna Whistling Morans. Lukenya, ndani ya kaunti yetu, vijana wanakimbiza pikipiki kwenye vumbi. Lakini dakika chache za kukodisha gokati zinaweza kumeza kibarua cha siku nzima, na gokati ya mashindano, pamoja na taya na vipuri vinavyoagizwa nje, ni bei ya gari la mtumba. Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, ilikita kambi Naivasha. Machakos tuliitazama kwenye simu.

Hapo ndipo naona uchungu wenyewe. Duniani gokati ni mlango wa maskini kidogo kuliko milango mingine ya mbio. Lewis Hamilton aliingilia hapo akiwa mtoto wa miaka 8, na babake akafanya kazi zaidi ya moja kumlipia. Huku mlango umefungwa kwa bei, ilhali kila kitu kingine kipo. Injini ndogo za petroli zinazosukuma gokati nyingi za kukodisha ni jamaa za zile zinazovuta maji kwenye mashamba kando ya mto Athi. Wachomeleaji wako kila senta. Mteremko upo. Kinachokosekana ni uwanja wa bei nafuu na mtu wa kusema kwamba ujuzi huu ni ujuzi.

Na Ukambani tunajua inavyowezekana. Mutisya Munge wa Wamunyu alienda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akajifunza kuchonga vinyago huko, akarudi nyumbani. Wamunyu ikawa kijiji cha wachongaji, na kazi zao zikauzwa dunia nzima. Ufundi ulitoka ugenini, ukapata kwao hapa, na jina la aliyeuleta likahifadhiwa kwa sababu watu walilitaja kwa watoto wao. Kwa mafundi wa magari hatujafanya hivyo. Wale walioshughulikia zile 404 sasa ni wazee. Wengi hawakuwa na daftari. Gari za siku hizi zina kompyuta, kijana wa gereji anasoma makosa kwenye skrini, na sikio la mzee aliyejua kabureta kwa mlio halina wa kulirithi.

Ukiwa na babu au mjomba aliyefanya kazi gereji Machakos, muulize alianza mwaka gani, nani alimfundisha, gari gani lilimsumbua kuliko yote, na alikuwa akiongeza chuma wapi. Andika majibu na majina. Halafu umpeleke mtoto wa kile kigari cha beringi akae hapo karibu asikilize, kwa sababu maswali yake yatakuwa mazuri kuliko yako.