Sakafu ya Maiquetía

Macho hayana pazia, walisema wahenga, na maana yake ni kwamba jicho halizuiliki kuona kilicho mbele yake. Lakini jicho lina tabia nyingine ambayo methali hiyo haikuitaja: huona hata kisichokuwapo. Msafiri wa jangwani huona maji penye mchanga mtupu, akayaita mazigazi. Na mtu akikazia macho rangi mbili zilizopakana huona ya tatu ambayo hakuna fundi aliyeipaka. Katika karne ya 20 walitokea wachoraji walioifanya tabia hii kuwa kazi yao. Mojawapo ya kazi zao kubwa haikutundikwa katika nyumba ya makumbusho, bali ilitandazwa chini ya miguu ya wasafiri katika kiwanja cha ndege cha Maiquetía, nchini Venezuela. Yaliyoifika sakafu hiyo ni sehemu ya historia ya sanaa, na ni sehemu ya historia ya watu pia.

Elimu ya jambo hili ilipata nguvu katika karakana ya rangi. Mwaka 1824 mwanakemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, alipewa usimamizi wa rangi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, palipofumwa mazulia ya kupamba kuta. Yalikuwako malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda hicho zilikuwa hafifu. Chevreul alizichunguza, akaona kuwa rangi yenyewe haikuwa na upungufu. Ujirani wa rangi nyingine ndio ulioififisha machoni. Mwaka 1839 alitoa kitabu kikubwa juu ya kanuni hiyo. Tangu hapo ilijulikana kwamba rangi haina sura moja ya kudumu, bali hugeuka kwa kadiri ya jirani yake, kama mtu ageukavyo kwa kadiri ya wenzi wake.

Zaidi ya miaka mia baadaye kanuni hii ilipata wafuasi wapya. Mwaka 1955 ukumbi wa sanaa wa Denise René, mjini Paris, ulionyesha kazi zilizohusu mwendo, na miongoni mwa walioshiriki walikuwamo Victor Vasarely, mzaliwa wa Hungaria, na Jesús Soto wa Venezuela. Mwaka 1965 Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yalifanya maonyesho makubwa ya sanaa ya aina hii. Watu walimiminika kuyatazama. Walakini wakosoaji kadha waliidharau, wakasema kwamba ni mchezo wa kusumbua macho ambao hauna neno la kuuambia moyo. Shutuma hiyo ilikuwa nzito, na haikujibiwa kwa maandishi tu.

Sanaa hii ilikuwa na haja moja ambayo makumbusho hayakuweza kuitosheleza vyema. Picha ya kawaida humtaka mtazamaji asimame; hii humtaka aende, kwa sababu kila hatua humwonyesha sura nyingine. Basi palipo na watu wengi wapitao ndipo palipokuwa makao yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kazi mbili kubwa za Vasarely ziliwekwa katika ukumbi wa stesheni ya Montparnasse, Paris. Katika mji wa Caracas, ambako reli ya chini ya ardhi ilifunguliwa mwaka 1983, kazi ya Soto ilipata mahali pake katika stesheni ya Chacaíto. Lakini aliyeifikisha fikra hii mbali kuliko wengine ni Carlos Cruz-Diez.

Cruz-Diez alizaliwa Caracas mwaka 1923, na mwaka 1960 alihamia Paris. Tangu mwaka 1959 alikuwa akijaribu kuikomboa rangi kutoka katika umbo. Aliona kwamba pale mistari miwili ya rangi mbalimbali inapogusana, jicho huona ufito mwembamba ulio mweusi zaidi, na ndani ya ufito huo huzaliwa rangi ya tatu ambayo haimo katika kitu chenyewe. Baina ya mwaka 1974 na 1978 aliitumia kanuni hiyo katika kituo cha abiria cha Maiquetía, kilicho pwani, ng'ambo ya mlima unaoutenga mji wa Caracas na bahari. Vigae vidogo vya rangi vilipangwa kwa mistari sambamba, vikaenea katika sakafu ndefu na kupanda ukutani. Abiria aliyevuka ukumbi ule aliziona rangi zikibadilika kila alipopiga hatua. Akisimama, nazo husimama. Hivyo mwendo wa msafiri ndio uliokamilisha kazi ya msanii.

Zama zile zilikuwa zama za neema. Pipa la mafuta, lililouzwa kwa kiasi cha dola 3 mwaka 1973, lilikaribia dola 12 mwanzoni mwa mwaka uliofuata, na tarehe 1 Januari 1976 mafuta ya Venezuela yalifanywa kuwa mali ya taifa. Mwaka huohuo Air France ilianza kuileta Maiquetía ndege ya Concorde, iliyoishinda sauti kwa mbio; safari hizo zilidumu hadi mwaka 1982. Sakafu ya Cruz-Diez ilikuwa tamko la nchi iliyojiona inakwenda mbele. Mgeni aliposhuka ndegeni alipokewa na rangi, na mwenyeji aliporudi kutoka Miami au Madrid alizikanyaga bila ya kuzitazama sana, maana fahari ikizoewa hugeuka kuwa jambo la kila siku.

Neema haikudumu. Bei ya mafuta ilianguka mwaka 2014, nchi ikaingia katika uhaba wa chakula na dawa, na fedha yake ikapoteza thamani. Mashirika ya ndege yalijitoa moja baada ya jingine: Air Canada mwaka 2014, Lufthansa mwaka 2016. Watu nao waliondoka. Hesabu za Umoja wa Mataifa za mwaka 2023 zilitaja zaidi ya watu milioni 7 waliokuwa wamehama. Hapo ndipo ilipozuka desturi ambayo hakuna aliyeiamuru. Msafiri, baada ya kuwaaga wazazi, aliinamisha kichwa akapiga picha miguu yake ikiwa juu ya mistari ile, akaipeleka kwa ndugu na rafiki bila ya maneno mengi. Wengine walichukua kigae kilichobanduka, wakakitia mfukoni. Nakshi ya sakafu ilichapwa juu ya viatu na mifuko, na Wavenezuela waliokutana ugenini walitambuana kwayo.

Ni haki kukumbuka kwamba ndege haikuwa ya kila mtu. Wengi hawakuwa na nauli. Walivuka mpaka kwa miguu, kupitia daraja la Simón Bolívar hadi Cúcuta nchini Kolombia, wala hawakuiaga sakafu yoyote yenye rangi. Huzuni yao haikupungua kwa kukosa picha. Hata hivyo, sakafu ile ilikuwa imekwisha kuwa ishara ya kuondoka kwa wote, hata kwa wale wasioikanyaga kamwe.

Cruz-Diez alifariki Paris tarehe 27 Julai 2019, naye akiwa mbali na mji aliozaliwa. Hakuitengeneza kazi yake kwa ajili ya machozi. Alitaka tu rangi ionekane jinsi inavyozaliwa na kufa katika jicho la apitaye. Wakosoaji waliosema kwamba sanaa hii haina la kuuambia moyo walijibiwa na watu ambao pengine hawakupata kuisoma hoja yao. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, husema mabaharia. Kwa wengi wa wale walioinamisha vichwa Maiquetía, ngama hiyo ilikuwa mistari ya vigae, na kama watarudi, hiyo ndiyo watakayoikanyaga kwanza.